Kuondoa mti mkubwa uani Moshi: tafuta mche kabla ya kuita chenso

Watu wengi hapa Moshi wakishaamua mti fulani uondoke, wa kwanza kupigiwa simu ni fundi wa chenso, yaani msumeno wa injini. Mti unaanguka Jumamosi, kuni zinagawanywa, na miaka mitatu baadaye pale pana kisiki kilekile, nyasi na jua la utosini. Mti mwingine ulikusudiwa kupandwa, ila haukuwahi kupangiwa siku. Ndiyo maana mwongozo huu unakwenda kinyume na mazoea: mti mpya unashughulikiwa kabla ule wa zamani haujaguswa. Ukifuata mpangilio huo, kukata kunaangukia katikati ya kazi, na kazi inaisha pale mche unapoweza kusimama bila ndoo yako ya maji.

Nimewalenga wenye nyumba za kawaida: ua wa Pasua au Majengo, kiwanja cha Soweto chenye migrivelia mpakani, nyumba za zamani za Shanty Town zenye mijakaranda mikubwa, na kihamba, yaani shamba la ukoo, cha Kibosho, Uru au Old Moshi ambako mti umesimama katikati ya migomba na kahawa. Ukiwa Arusha, hatua ni zilezile.

1. Ukague mti kwanza

Anzia shinani. Uyoga unaoota kwenye shina au juu ya mizizi ni ishara kwamba ndani kumeshaoza, hata kama majani juu ni ya kijani kibichi. Tazama udongo: ukiona umeinuka au umepasuka upande mmoja, hasa baada ya mvua za masika, mizizi ya upande huo imeanza kuachia. Gonga shina kwa kisogo cha shoka ukizunguka pande zote. Shina zima hutoa mlio mfupi, mzito. Lililo na pango hulia kama ngoma. Kisha inua macho utazame matawi makavu ya kileleni, nyufa kwenye panda ambapo mashina mawili yameachana, na matawi mazito yaliyoning'inia juu ya mabati.

Mti ulioinama tangu utotoni kisha ukajinyoosha kuelekea juu hauna tatizo. Wa kuogopwa ni ule uliokuwa wima mwaka jana na mwaka huu umeegemea nyumba. Huo usiusubirishe hata wiki.

Majani kuziba mifereji ya bati, kivuli kwenye mchicha, ndege kuchafua gari: haya yote yanatibika kwa kupogoa. Ningependa kila mwenye nyumba ajaribu njia hiyo kwanza, maana kivuli cha miaka arobaini hakinunuliwi sokoni Mbuyuni. Tawi likatwe kwa mikato mitatu. Wa kwanza upite chini ya tawi, kama sentimita 30 kutoka shinani, uingie robo ya unene. Wa pili upite juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, na tawi litaanguka bila kuchuna gome la shina. Wa tatu uondoe kipande kilichobaki, ukipita nje kidogo ya ule uvimbe ulio kwenye maungio ya tawi na shina. Uvimbe huo ndio unaofunga kidonda. Ukiukata, kidonda hakifungi na maji yanaingia ndani ya shina.

Kuna desturi moja inanisikitisha sana hapa mjini: kukata kichwa chote cha mti na kuacha shina na vigutu vinne vitano. Utaiona kwenye mikrismasi na mijakaranda iliyo karibu na nyaya. Mti unajibu kwa kuchipua fito nyingi ndefu zilizoshikilia juujuu tu, vigutu vinaoza kuelekea ndani, na baada ya miaka michache una mti wa hatari zaidi kuliko ule uliokuwa nao. Mgrivelia unavumilia kukatwa matawi mara kwa mara, na wakulima wa mlimani wanaufanyia hivyo kila mwaka kwa ajili ya kuni, lakini hata wao huacha kilele.

2. Chagua mti mpya na uanze kuuandaa

Ukitaka kupanda masika, yaani mvua zikishashika mwezi Machi, mche wako uwe kwenye kiriba (mfuko wa plastiki wa kuoteshea) tangu Septemba au Oktoba. Kukata kufanyike Januari au Februari, ardhi ikiwa kavu. Ukikosa ratiba hiyo, kata Agosti au Septemba na upande vuli, ila mvua za vuli ni fupi na utamwagilia zaidi.

Uchaguzi ufanye ukiwa umesimama palepale mti utakaposimama. Tazama juu: kuna nyaya? Chini: bomba la maji linapita wapi, karo (shimo la maji machafu) liko wapi, msingi wa jirani uko umbali gani? Chini ya nyaya panda kitu kisichozidi mita nne au tano kikikomaa, kama mpera, mchungwa, mlimau au mkomamanga. Mti wa kimo hicho unaweza kukaa mita tatu au nne kutoka ukutani. Mwembe na mparachichi vipe mita nane. Miti mikubwa ya kivuli ipe kumi hadi kumi na tano, na kama kiwanja hakina nafasi hiyo basi kiwanja hicho hakihitaji mti mkubwa. Mikuyu na jamaa zake isogee karibu na karo au bomba kwa sababu yoyote ile? Hapana. Mizizi yake inatafuta maji na itaingia kwenye ufa mdogo kabisa wa bomba.

Mkaratusi nauweka peke yake. Una faida zake kwa nguzo na kuni, na shambani penye nafasi, mbali na maji, una kazi. Uani mwa mtu, karibu na kisima, kijito au mfongo (mfereji wa asili wa maji), usiupande. Unakunywa maji mengi, unarefuka kupita nyumba haraka, na chini yake mimea mingi haistawi.

Kwa kivuli kwenye kihamba, wazee walishatuchagulia. Mringaringa hukua haraka, maua yake meupe yanapendwa na nyuki, majani yake makubwa yakianguka yanafunika udongo, na mbao zake zinatengeneza fanicha na mizinga. Mruka una majani membamba yanayopitisha mwanga kwa kahawa iliyo chini, na mizizi yake inaongeza naitrojeni kwenye udongo. Nikipewa nafasi moja tu mlimani, nitachagua mruka. Mgrivelia ulitoka mashariki mwa Australia ukaletwa kwa ajili ya kivuli cha chai na kahawa. Unakua vizuri na mbao zake zinauzika, lakini matawi yake yanakatika kirahisi kwenye upepo, kwa hiyo nisingeusimamisha juu ya chumba cha kulala. Ukanda wa chini, kuelekea Mabogini na mashamba ya miwa ya TPC, ambako jua ni kali na mvua ni chache, mwarobaini utakutunza vizuri kuliko miti hii ya mlimani.

Mparachichi wa kubebeshwa, yaani ulioungwa juu ya shina la mche mwingine, ni chaguo zuri kwa familia kwa sababu unazaa mapema kuliko wa mbegu, ila hautaki kabisa maji yanayotuama. Kama pale uani panageuka bwawa wakati wa masika, mizizi yake itaoza.

Usije ukavutiwa na ukubwa. Msitu wa Rau, hapa hapa mjini, bado una mivule ya kutisha kwa unene, na mwaka 2016 watafiti waliripoti mkukusu mmoja kwenye bonde la Mlima Kilimanjaro wenye urefu wa mita 81.5, mrefu kuliko mti mwingine wowote wa asili uliokuwa umepimwa Afrika. Ni fahari yetu. Mahali pake ni msituni.

Mche unaweza kuununua kitaluni au kuuchukua kama maotea chini ya mti mama. Maotea ya mringaringa yachimbwe yakiwa madogo, yakiwa bado na majani machache, jioni au siku ya mawingu, yawekwe kwenye viriba na kukaa kivulini wiki kadhaa. Unaponunua, usivutiwe na urefu. Mche wa kiriba kidogo uliorefuka sana una mizizi iliyojiviringa ndani. Chagua wenye shina nene, kimo cha goti, na mizizi isiyotoka chini ya kiriba.

3. Ruhusa

Mti kuwa ndani ya uzio wako hakukupi haki ya kuukata siku yoyote. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, upate barua, upite kwa ofisa mtendaji, kisha kwa ofisa misitu wa halmashauri yako, awe wa Manispaa au wa wilaya. Nenda na picha za mti zinazoonyesha kasoro zake na mahali ulipo. Ukieleza pia mti gani utapanda badala yake na mche tayari unao, mazungumzo yanakuwa mepesi zaidi.

Zipo hali nne za kuangalia kwa makini. Kwanza, miti iliyohifadhiwa kisheria kama mvule haikatwi bila kibali maalumu hata ikiwa shambani kwako. Msingi wake ni Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Pili, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo ukikaa kando ya Rau, Karanga au Njoro, uliza kabla hata ya kupogoa. Tatu, mti ulio kwenye hifadhi ya barabara si wako hata kama uliupanda mwenyewe na kuumwagilia; hapo mwenye mamlaka ni wakala wa barabara, TARURA au TANROADS, kutegemea barabara. Nne, mti unaogusa au unaoweza kuangukia nyaya za umeme ni kazi ya kuwaita TANESCO wazime laini au wakate wao. Hapa hakuna fundi hodari. Tawi bichi linapitisha umeme.

Kwenye kihamba kuna ruhusa nyingine isiyoandikwa popote. Mti huenda ulipandwa na babu, huenda uko kando ya makaburi, huenda mizizi yake ndiyo inayoshika kingo za mfongo unaopeleka maji kwa nyumba kumi za chini. Kaa na ndugu, waite na wazee wa mfongo. Kama ni msesewe, kuna mtu atataka gome lake kwa ajili ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Mti wa mpakani uandikiwe makubaliano na jirani mbele ya mwenyekiti, na wote wawili mtie sahihi.

4. Fundi na makubaliano

Fundi mzuri anauzunguka mti kabla ya kutaja bei. Anauliza nyaya, anauliza karo liko wapi, anatazama upepo. Anayetaja bei akiwa getini, mshukuru na umwache aende.

Kuna mwingine atakuambia, "Mzee, mimi nakukatia bure, nachukua magogo tu." Kwa mgrivelia au mringaringa uliokomaa, magogo hayo yanaweza kuwa na thamani kubwa kuliko kazi yote. Uliza bei ya mbao kwa wapasuaji kwanza, ndipo ujue kama unapewa msaada au unauza. Andikeni kwenye karatasi: nani anachukua magogo, nani anachukua kuni na matawi, kisiki kinatolewa au kinaachwa, taka zinaondolewa lini, na bati likivunjika nani analipa. Lipa sehemu mwanzoni na iliyobaki ua ukishafagiwa. Mbao au magogo yakitoka kwako kwenda mjini yanahitaji hati ya kusafirishia mazao ya misitu, vinginevyo yatakamatwa kizuizini, kwa hiyo kubalianeni nani anaishughulikia.

5. Siku ya kukata

Pima kimo siku moja kabla. Chukua fimbo yenye urefu sawa na umbali kutoka jichoni hadi kwenye ngumi yako mkono ukiwa umenyooshwa. Ishike wima, mkono ukiwa umenyooshwa, kisha rudi nyuma hadi ncha ya fimbo ilingane na kilele na ngumi ilingane na chini ya shina. Umbali kutoka ulipo hadi kwenye mti ni takriban urefu wake. Ardhi yetu imeinamia kusini, na kwenye mteremko kipimo hicho kinadanganya, kwa hiyo pimia ukiwa usawa mmoja na shina, yaani ukienda mashariki au magharibi yake. Eneo lote la mara mbili ya kimo hicho liwe halina mtoto, mbuzi, bodaboda wala jirani mwenye hamu ya kutazama.

Angalia pia kama kuna nyuki ndani ya pango. Wakiwepo, mwite mfugaji nyuki awahamishe jioni, siku kadhaa kabla. Ukikuta kiota chenye makinda, subiri wiki chache.

Mbege isitolewe kabla ya kazi. Ikae ndani mpaka chenso imezimwa na kamba zimekunjwa.

Uani mwa mjini mti hauangushwi mzimamzima, unashushwa vipandevipande. Mpandaji afungwe kwa kamba yake mwenyewe iliyo imara, tofauti na ile ya kushushia matawi. Kamba ya katani iliyokaa juani miezi haifai kwa mtu. Aanze na matawi ya chini akipanda juu, na kila tawi zito lifungwe kwanza, kamba ipite kwenye panda iliyo juu yake, kisha ishuke hadi chini na kuzungushwa mara mbili tatu kwenye shina. Msuguano wa mizunguko hiyo ndio unaobeba uzito, na mtu mmoja anaweza kulishusha gogo taratibu. Bila mizunguko, gogo litamnyanyua yeye. Huko juu matawi madogo yakatwe kwa msumeno wa mkono. Chenso ya kushikwa kwa mkono mmoja ndiyo inayoruka nyuma ikakata uso.

Kileleni kukiisha, shina lishushwe kwa vipande vifupi, kama nusu mita hadi mita.

Kwenye shamba lenye nafasi, ambapo mti unaweza kuangushwa mzima, kazi iko kwenye mikato miwili. Mkato wa uelekezo unafanywa upande ambao mti utaangukia, kama kinywa kilicho wazi, kwa kina cha robo hadi theluthi ya kipenyo. Mkato wa nyuma unafuata upande wa pili, sentimita mbili au tatu juu ya kona ya ule wa kwanza, na unasimama kabla ya kukutana nao. Kati yake unabaki ukanda wa mbao usiokatwa, bawaba, wenye unene wa sehemu moja ya kumi ya kipenyo. Shina la sentimita 50 linaachiwa bawaba ya sentimita 5. Bawaba ndiyo inayouongoza mti ukianguka. Ukiikata yote, mti unakwenda unakotaka wenyewe. Piga kabari nyuma ili mkato usijifunge na kuibana chenso. Njia ya kukimbilia isafishwe mapema, ikienda nyuma kwa mshazari, na mti ukianza kulia, mkataji aondoke hapohapo bila kugeuka kutazama. Mti uliolala sana upande mmoja hupasuka shina kwenda juu na kumrudia mkataji, kwa hiyo huo ni wa mafundi wazoefu peke yao.

6. Kisiki

Hapa ndipo kazi nyingi zinapokwama, na sababu kubwa ni kukata shina hadi usawa wa ardhi kisha kuamua kung'oa. Ukijua utang'oa, acha kisiki chenye kimo cha kifua. Urefu huo ndio mkono wa kuvutia. Chimba mtaro kuzunguka, kama mita moja kutoka shinani, ukitumia sururu na mtaimbo, kata mizizi ya pembeni kwa shoka moja baada ya nyingine, kisha fungeni kamba juu ya kisiki na kukiyumbisha huku na huku mpaka mzizi mkuu uonekane na kukatwa. Uliza bomba na waya wa ardhini viko wapi kabla ya pigo la kwanza la sururu.

Kisiki kilicho chini ya mita mbili kutoka kwenye msingi wa nyumba usikivute. Unaweza kuinua msingi. Kikate karibu na ardhi, menya gome lake lote hadi chini ya udongo, na kiache kioze. Kumenya gome ni muhimu kwa mkaratusi, mjohoro na mjakaranda, ambayo hukataa kufa na kuchipua tena. Chipukizi litakalotoka livunjwe kila mwezi. Kuchoma kisiki uani sishauri, moto unafuata mizizi chini ya ardhi kwa siku nyingi. Na mabaki ya mizizi karibu na nyumba yaondolewe kadiri iwezekanavyo, kwa sababu mchwa wakimaliza kisiki wanatazama milango.

Ukichimba, chunguza kitu kimoja zaidi. Chuna gome la mizizi na sehemu ya chini ya shina. Ukikuta utando mweupe umelala kati ya gome na mbao, wenye harufu ya uyoga, hilo ni kuvu la mizizi linalojulikana pia kwenye kahawa na chai. Linakaa kwenye mabaki ya mizizi kwa miaka na kuua mti utakaopandwa juu yake. Toa kila mzizi unaoufikia, ukauke juani na uteketezwe mbali na nyumba, kisha pale panda mahindi au maharage kwa misimu kadhaa.

Shimo lijazwe kwa tabaka za kama sentimita 20, kila tabaka ishindiliwe. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi wa ukanda wa chini, kuondoa mti mkubwa kunaacha ardhi ikiwa na unyevu zaidi kuliko ilivyozoea, nayo huvimba. Ukuta ulio karibu unaweza kupata nyufa msimu unaofuata. Usikimbilie kupiga lipu. Subiri misimu miwili ardhi itulie.

7. Magogo na majani

Mbao zilizopasuliwa zipangwe kivulini juu ya vitegemeo, kila safu itenganishwe na vijiti ili upepo upite, na juu ziwekewe uzito. Kuni zipasuliwe zikiwa mbichi, ni rahisi zaidi. Majani na fito laini vitengenezwe mboji, isipokuwa ya mkaratusi.

8. Kupanda

Mti mpya usipandwe kwenye shimo la kisiki. Sogea mita mbili au zaidi, kwa sababu udongo uliojazwa unaendelea kudidimia na mizizi iliyobaki inaoza chini yake.

Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60 wiki mbili au tatu kabla ya mvua. Udongo wa juu, ule mweusi, uweke kulia. Wa chini uweke kushoto. Wakati wa kupanda, udongo wa juu uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza kabisa na ndio utangulie kuingia. Samadi mbichi inaunguza mizizi.

Mwagilia mche kwenye kiriba asubuhi. Jioni, kata kiriba kwa wembe toka juu hadi chini na ukivue chote. Nasisitiza, chote. Kila mwaka baada ya sherehe za kupanda miti miche mingi inafukiwa na plastiki yake, inaishi masika kwa maji ya mvua, na Agosti inanyauka kwa sababu mizizi haikupata pa kwenda. Mizizi iliyojiviringa chini ikate kwa wembe huohuo. Weka mche ili shingo yake, pale shina linapokutana na mizizi, iwe usawa wa ardhi. Kwa mparachichi wa kubebeshwa, maungio yabaki juu kabisa ya udongo. Shindilia kwa mikono, tengeneza kingo ya udongo ya mviringo yenye upana wa mkono ili maji yasikimbie, na mwaga lita kumi hata kama mvua inanyesha.

Tandaza majani makavu ya migomba kuzunguka, yaache shina wazi kwa upana wa kiganja, maana yakiligusa yanaliozesha. Kijiti cha kuegemeza kifungwe kwa kitambaa, kwa kulegea, upande upepo unakotoka. Na kama mtaani kwenu mbuzi wanatembea, jenga uzio wa fito siku hiyohiyo, kabla hujaenda kunawa.

9. Miaka miwili inayofuata

Masika inaisha Mei. Juni hadi Agosti ni baridi na mawingu, na wengi wanadhani baridi ni unyevu. Udongo unakauka vilevile. Chimbua kwa kidole hadi kiungo cha pili. Pakiwa pakavu, mwaga lita kumi hadi ishirini, mara mbili kwa wiki. Maji mengi kwa mpigo mmoja yanaivuta mizizi kwenda chini. Kikombe cha kila jioni kinaiweka juujuu. Kwa nyumba zenye mgao wa maji, toboa dumu la lita tano kwa msumari tundu moja dogo, lizike nusu karibu na mche na ulijaze. Maji ya kuoshea mboga yanafaa kabisa.

Januari na Februari ndizo zinazoua zaidi, joto likiwa kali na vuli ikiwa imepita. Mpe kazi hiyo mtu mmoja wa nyumbani kwa jina lake. Ikiwa kazi ya wote, mche unakufa.

Palizi iwe ya mkono karibu na shina, kwa sababu jembe likichuna gome pande zote mti umekwisha. Samadi kidogo iongezwe kila mwanzo wa masika. Kijiti kiondolewe baada ya mwaka mmoja ili shina lijifunze upepo. Mwaka wa pili, ukiona mashina mawili yanashindana kuwa kilele, chagua lililonyooka na ukate jingine likiwa bado nene kama kidole, maana ile panda uliyoikuta imepasuka kwenye mti wa zamani ilianza hivyohivyo. Matawi ya chini yaache mpaka mti ukupite kimo, kisha yaondoe mawili matatu kwa mwaka.

Vuli ya pili ikipita na mche umetoa majani mapya mwezi Februari bila kumwagiliwa wiki mbili mfululizo, unaweza kuiweka ndoo kando.